Shajara ya ubao wa pepo: kusoma mgandamizo wa hewa na mikondo ya upepo, Mombasa

2 Machi: vifaa na ramani ya msingi

Kazi ni ubao mmoja kando ya diko, upande wa Mji wa Kale, unaoandikwa kila siku kabla ya saa 5 asubuhi. Unabeba mambo matatu: mgandamizo wa hewa, mwelekeo na kasi ya upepo, na ramani ya Bahari Hindi iliyochorwa kwa mkono. Programu za simu zipo na kila mvuvi ana yake. Tatizo ni kwamba watu husoma rangi tu, mistari hawaiangalii, na rangi ya kijani kwenye simu moja ni noti 10 (maili za baharini kwa saa) na kwenye nyingine ni 15.

Kihisi cha mgandamizo ni BMP280 (KSh 350), kimeunganishwa na kompyuta ndogo ya ESP32 (KSh 1,200). Muuzaji alikitaja kuwa BME280, ile yenye kupima na unyevu. Ukikiuliza namba yake ya ndani kikajibu 0x58, ni BMP280. BME280 hujibu 0x60. Kwa kazi hii unyevu hauhitajiki, ila usilipie bei ya BME280. Programu ikisema haioni kihisi, jaribu anwani 0x76 kabla ya kulaumu waya. Kipimo huchukuliwa kila dakika 10, na saa inapotimia tunaandika wastani wa vipimo vitatu vya mwisho.

Ramani imechapishwa kwa karatasi ya A1 na kupigwa plastiki (KSh 900). Inaanzia nyuzi 15 kaskazini hadi nyuzi 15 kusini ya ikweta. Mipaka hiyo ilikuja kutugharimu, tazama 8 Juni.

9 Machi: sanduku lililozibwa mno

Kihisi kiliwekwa ndani ya sanduku la umeme la plastiki (KSh 450), likazibwa kwa silikoni pande zote ili chumvi isiingie. Likafungwa juu ya dari, juani. Kufikia saa 8 mchana lilikuwa linasoma hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 9 juu ya kipimo cha uwanja wa ndege, na usiku wa manane likarudi karibu na ukweli. Kihisi hakikuwa na kosa. Hewa iliyofungiwa ikipashwa moto hutanuka, na ikikosa pa kutokea mgandamizo wake hupanda: nyuzi 10 za joto ndani ya chombo kilichozibika kabisa huongeza kama hektopaskali 33. Letu lilikuwa linavuja kidogo, ndiyo maana likatoa 9 tu. Tulikuwa tunapima jua.

Dawa: matundu matatu ya milimita 3 chini ya sanduku, yakafunikwa kwa kipande cha chandarua kwa ajili ya siafu, kisha sanduku likahamishiwa kivulini chini ya kibaraza. Dhidi ya chumvi, maungio yaliyolehemiwa yalipakwa rangi ya kucha mara mbili. Angalia usipake kile kitundu kidogo juu ya kihisi. Kikizibika umerudi pale pale.

17 Machi: mwinuko, na mgandamizo mkubwa wa uongo

Ramani zote huonyesha mgandamizo kama ungesomwa usawa wa bahari. Kwa joto letu la nyuzi 27 hivi, kila mita moja ya kupanda hupunguza hektopaskali 0.115. Kwa hiyo unahitaji kujua uko mita ngapi juu ya bahari.

Simu ilionyesha namba hasi, kana kwamba tuko chini ya maji. Simu nyingi hupima kutoka umbo la dunia la kihesabu, na hapa pwani yetu uso wa bahari wenyewe uko chini ya umbo hilo. Tuliacha simu tukatumia mpira wa maji wa mafundi wa ujenzi. Weka alama mahali maji ya bamvua yanapojaa, weka nyingine yanapokupwa, nusu ya njia ndiyo usawa wa kati. Kutoka hapo mpira hadi ukutani, kisha futi ya kupimia hadi kwenye sanduku. Tukapata mita 14, yaani ongeza 1.6. Usijisumbue na sentimita: kukosea mita nzima ni 0.12 tu.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la pili. Ripoti ya uwanja wa ndege wa Moi huandikwa hivi (mfano):

HKMO 040600Z 20014KT 9999 SCT022 26/21 Q1016

Yaani: uwanja wa Mombasa (HKMO), tarehe 4, saa 06 ya dunia (UTC), upepo kutoka nyuzi 200, noti 14, joto 26, mgandamizo 1016. Kwa kuwa uwanja uko takriban mita 60 juu ya bahari, tuliongeza 7. Matokeo yake Mombasa ikawa kilima cha mgandamizo mkubwa kwenye ramani, kimesimama peke yake kati ya Malindi na Tanga, siku tano mfululizo. Namba inayofuata herufi Q *tayari* imeshushwa hadi usawa wa bahari. Haiguswi.

Namba hiyo pia hukatwa desimali, haikadiriwi. Q1016 inaweza kuwa 1016.0 au 1016.9. Unapolinganisha kihisi chako na uwanja wa ndege, ongeza nusu kwenye Q kwanza. Tulilinganisha vipimo 28 vya siku saba, saa zile zile: kihisi chetu kinasoma 0.9 chini, na mtengenezaji mwenyewe anakubali kosa la hadi 1. Jumla ya kuongeza: 1.6 na 0.9, yaani 2.5.

30 Machi: saa 9 ya nani?

Siku mbili ramani haikukubaliana na ubao hata kidogo. Upepo wa alasiri umeandikwa kwenye ramani ya adhuhuri. Aliyesoma kihisi aliandika daftarini "saa 9, noti 16". Aliyechora akaweka kwenye ramani ya 09 ya dunia. Lakini saa 9 alasiri yetu ni 12 ya dunia.

Kanuni tuliyoibandika juu ya meza: chukua saa ya dunia, toa 3, umepata saa ya Kiswahili. 06 ni saa 3 asubuhi, 12 ni saa 9 alasiri, 15 ni saa 12 jioni. Kwa 18 unapata 15, toa 12, ni saa 3 usiku. Na 00 ni saa 9 usiku wa kuamkia. Hii ni rahisi kuliko ile ya kuongeza 3 kupata saa ya Kizungu kisha kugeuza tena, ambapo watu hupotelea katikati. Daftari sasa lina safu mbili, na safu ya dunia lazima iishie na herufi Z.

12 Aprili: isobari hazisomeki hapa kama vitabuni

Isobari ni mstari unaounganisha sehemu zenye mgandamizo sawa. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, na kanuni yake ni hii: mistari ikikaribiana upepo ni mkali, na upepo hukimbia sambamba na mistari. Tuliifuata kwa wiki mbili na ikatudanganya kwa njia mbili.

Kwanza, ramani za kawaida huchora isobari kila hektopaskali 4. Kati ya Lamu na Dar es Salaam mara nyingi hakuna hata mstari mmoja. Ukiangalia unasema hakuna upepo, na huku miti ya bustani ya Mama Ngina inainama. Tukaanza kuchora kila 1.

Pili, na hili ndilo zito: kikokotoo cha kitabuni, cha kupima umbali kati ya isobari na kutoa kasi, kilitupa noti 80. Baharini palikuwa na 14. Nguvu ya mzunguko wa dunia inayopinda upepo hadi ukafuata isobari hutegemea umbali kutoka ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, na hapa nguvu hiyo ni kama sehemu moja ya kumi na moja ya ile ya London. Tofauti ya hektopaskali 1 kwa kilomita 200, ambayo kwa London humaanisha upepo wa noti 7 hivi, ukiiweka kwenye kikokotoo kwa latitudo yetu inatoa noti 80 na zaidi. Upepo halisi wa hapa haungoji kupindwa: huvuka isobari, kutoka mgandamizo mkubwa kwenda mdogo, na msuguano na mwendo wake wa nyuma huamua kasi.

Uamuzi: kaskazini ya nyuzi 15 kusini hatusomi kasi kutoka isobari. Kutoka 15 kwenda chini zinasomeka, kwa tahadhari. Kikokotoo kimewekwa kabatini.

26 Aprili: mistari ya mkondo

Badala ya isobari, ukanda wetu sasa unachorwa kwa mistari ya mkondo, yaani njia ambayo upepo unapita, na mistari ya kasi sawa kwa nukta nukta, kila noti 5. Namna tunavyochora:

Weka mishale ya vituo kwanza: Mombasa, Malindi, Lamu, Zanzibar, Dar es Salaam, Moroni, Seychelles. Jaza mapengo ya bahari kwa upepo wa kimo cha mita 10 kutoka ramani za kompyuta, kila nyuzi 5. Anza kuchora pale upepo ulipo safi na wa namna moja, kusini ya bahari, uje nao juu. Mistari inaweza kuungana au kuachana, lakini haikatani kamwe. Ikikatana, kuna mshale uliosoma vibaya. Kauli hii imetuokoa zaidi ya yote. Sasa hivi kusi inaingia, na mstari mzuri unatoka kusini-mashariki, unageuka kuwa wa kusini ukifika pwani yetu, kisha ukivuka ikweta unapinda kulia kuelekea Somalia na Bara Hindi. Anayeanza huunyosha kama rula. Uache upinde.

Mishale ya kasi ina manyoya, yaani vistari vya mkiani: nyoya refu noti 10, nyoya fupi noti 5, bendera 50. Tuliyachora manyoya upande usio wetu, tukiiga kitabu cha Ulaya. Mpe upepo mgongo: kaskazini ya ikweta manyoya huwa kushoto kwako, kusini ya ikweta huwa kulia. Ramani yetu inavuka ikweta, kwa hiyo Mogadishu na Mombasa manyoya yao yanatazama pande tofauti. Ufunguo uliochapishwa pembeni mwa karatasi ulikuwa na kosa hilo, na kalamu haifutiki chini ya plastiki.

4 Mei: upepo wa ghorofa ya juu

Fupi. Mtu aliacha programu kwenye kiwango cha hektopaskali 850, ambacho ni kama mita 1,500 juu. Ubao ukasema noti 35. Katika msimu wa kusi kuna mto wa upepo unaopita juu ya mashariki ya Kenya kwa kimo hicho hicho, ule ambao John Findlater aliuchambua miaka ya 1960. Ni wa kweli, ila hauvuti tanga la mtu. Sasa kila mchoro una neno "10 m" kwenye kona kabla haujabandikwa.

11 Mei: mshale unaelekea wapi

Upepo huitwa kwa unakotoka, na hapo wanahali-ya-hewa na mabaharia wetu wamekubaliana tangu zamani: kusi yatoka kusini. Lakini programu za simu huchora chembe zinazoelekea upepo unakokwenda. Ubao ulichorwa kwa kufuata chembe, ncha ya mshale juu. Nahodha mmoja alisimama mbele yake, akaangalia bahari, akarudi kuangalia ubao: "Mwanangu, kaskazi hii umeitoa wapi, mwezi wa tano?"

Mwelekeo sasa huandikwa kwa jina kwanza (kusi, matlai ya mashariki, kaskazi, umande utokao bara), kisha nyuzi, kisha mshale. Jina likipingana na mshale, mchoro haubandikwi.

18 Mei: mgandamizo unaoshuka kila alasiri

Ubao ulikuwa na safu ya "tangu asubuhi". Kila siku saa 9 ilionyesha mgandamizo umeshuka hektopaskali 2 au 3, na wapo walioacha kutoka usiku kwa sababu hiyo. Hilo ni kosa letu, na ni kosa lililogharimu watu ugali.

Hewa ina kupwa na kujaa kwake. Katika ukanda wa tropiki mgandamizo hupanda hadi kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hushuka hadi chini kabisa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Jua ndilo linalousukuma, kwa kuipasha hewa ya juu, wala hauna uhusiano na mvua. Tofauti ya mchana ni kama 2 hadi 3, na kwetu hiyo ni kubwa kuliko mabadiliko ya hali ya hewa yenyewe kwa siku nyingi za mwaka.

Safu ile imefutwa. Tunalinganisha saa na saa yake ya jana tu: 06Z na 06Z, 12Z na 12Z. Ikibadilika chini ya 1 hatuandiki chochote. Ikifika 2 tunaizungushia duara na kuangalia ramani upya. Mabaharia wa tropiki hutumia kanuni ya kushuka 3 chini ya wastani wa msimu, baada ya kuondoa kupwa na kujaa, kama ishara ya kukaa macho, na 5 kama ishara kwamba dhoruba iko karibu.

Hapa lazima tuseme wazi mipaka ya barometa ya Mombasa. Vimbunga ni nadra kuundwa au kudumu karibu hivi na ikweta, na shimo lao la mgandamizo ni dogo. Hidaya, kilichofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, kilikuwa zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Ukingoja barometa ikuambie, utakuwa umeshakutana na mawimbi. Kwa vimbunga tunategemea maonyo ya Idara ya Hali ya Hewa na ya kituo cha vimbunga cha La Réunion, na ramani hutusaidia kuelewa upande tulioko: kusini ya ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa, hivyo aliye kaskazini ya kitovu hupata upepo wa magharibi, utokao bara.

8 Juni: kusi hutengenezwa mbali

Ramani ya kwanza ilikomea nyuzi 15 kusini. Mara mbili upepo ulipanda kutoka noti 12 hadi 20 bila ubao kuwa na dalili yoyote, kwa sababu chanzo kilikuwa nje ya karatasi. Kusi hutoka kwenye mgandamizo mkubwa wa Mascarene, ulioko mashariki na kusini-mashariki ya Madagascar karibu na nyuzi 30 kusini, na huwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Pepo za baridi zinapopita kusini ya Afrika Kusini, mgandamizo hujengeka nyuma yake, ukingo wake ukasogea Msumbiji, na siku chache baadaye bahari yetu inachafuka.

Ramani mpya inafika 40 kusini, na kutoka 30 hadi 80 mashariki. KSh 900 nyingine, pamoja na ufunguo wa manyoya uliosahihishwa. Huko kusini isobari za kila 4 zinafaa na tunazinakili zilivyo kutoka ramani ya Afrika Kusini. Huku juu tunabaki na mistari ya mkondo. Karatasi moja, lugha mbili, na mpaka wake umechorwa kwa wino mwekundu penye 15.

Tumeongeza namba moja: mgandamizo wa Plaisance, Mauritius (FIMP), ukitoa wa Mombasa, wote wa 06Z. Ikiwa 4 au 5, kusi ya kawaida. Inapopanda kwa 2 au zaidi ndani ya siku mbili, tunaandika "kusi kuongezeka" hata kama bahari bado imelala. Imetimia mara tatu kati ya nne. Mara ya nne nguvu zilibaki baharini mashariki ya Madagascar, na mistari ya mkondo ingetuonyesha hilo kama tungeitazama kwanza. Kumbuka pia jua hufika Mauritius zaidi ya saa moja kabla yetu, hivyo saa ile ile ya dunia wao wako karibu na kilele na sisi bado tunapanda. Namba hiyo ina ziada ndogo ndani yake. Linganisha namba ya leo na ya jana, usiichukue peke yake.

22 Juni: pwani yenyewe

Ramani kubwa za kompyuta za Marekani zina vipande vya kilomita 28 hivi. Kisiwa kizima cha Mombasa kinaingia ndani ya kimoja, na hori la Tudor halipo kabisa. Kwa hiyo umande wa alfajiri, na upepo wa baharini unaoongezeka baada ya adhuhuri, haumo kwenye mchoro. Tunaandika chini ya ramani kwa kalamu nyingine: "alasiri ongeza noti 5". Ni makisio ya macho, na siku za mawingu mazito hatuongezi.

6 Julai: gharama, na kihisi cha pili

Vihisi viwili 700, ESP32 1,200, sanduku 450, chaja 300, waya na lehemu 250, ubao wa plaiwudi na rangi 2,600, ramani mbili 1,800, bando la miezi minne 4,000. Jumla KSh 11,300. Anayenakili kazi hii akianza na ramani ya 40 kusini ataokoa 900, na akiomba bando la mwenye duka jirani ataokoa zaidi ya hapo.

Kihisi cha kwanza kimeanza kuyumba: kwa wiki mbili tofauti yake na uwanja wa ndege imetoka 0.9 hadi 1.4. Tulipofungua sanduku, miguu ya kihisi ilikuwa na kutu ya kijani pale rangi ya kucha ilipokosa. Cha pili kiliwekwa kando yake kwa siku mbili, kikalinganishwa na uwanja wa ndege kwa vipimo vya 06Z na 12Z, ndipo cha kwanza kikatolewa. Ukibadilisha bila siku hizo mbili, mstari wako wa "jana na leo" unakatika na utadhani hali ya hewa imegeuka.

Kihisi kipya kinasoma 0.7 chini. Namba ya kuongeza sasa ni 2.3, na imeandikwa kwa rangi nyuma ya ubao, maana karatasi iliyokuwa na 2.5 ililiwa na unyevu.